Risala Niliyowaandikia Bwana na Bibi

Mji wetu ndio mwisho wa reli. Anayeshuka kwenye treni hapa Kigoma ana mawili ya kuchagua: apande meli aendelee na safari, au ageuke arudi alikotoka. Mimi sikuwahi kuchagua lolote, kwa kuwa treni yenyewe sikuipanda. Nilizaliwa Rusimbi, nikasomea hapa hapa, nikamaliza Kidato cha Nne kwa daraja ambalo mama alikuwa akilitaja kwa sauti ndogo, kisha nikarudi nyumbani nikakaa. Kukaa ndiyo kazi niliyoijua vizuri. Hata Ujiji, ambako watu wazima hukatiza kwenda kutoa pole na kurudi kabla chakula hakijaiva, mimi nilikwenda kwa sababu nzito tu, na sababu nzito hazikuwa nyingi.

"Siku nyumba hii ikihama," mama alikuwa akiniambia huku anapepeta mchele, "ndiyo siku utakayosafiri."

Na miaka hiyo kila mtu alikuwa safarini isipokuwa mimi. Kwanza walipita Warundi, wameshuka milimani na magodoro vichwani. Halafu vita vikawaka ng'ambo, upande wa Kongo, na maboti yakaanza kutua Kibirizi yamejaa watu, pale pale palipozoea kupokea dagaa. Mimi nilikaa barazani nikiwatazama watu waliovuka ziwa zima ndani ya kitu kinachovuja, nikaona aibu kidogo, kisha nikaomba chai.

Kipawa nilichokuwa nacho ni mwandiko. Mwandiko wangu ulikuwa wa kulala vizuri, na kwa ajili hiyo mtaa mzima ulinitumia kuandika risala. Kwetu hakuna sherehe bila risala. Mgeni rasmi akishakaa, mtu husimama mbele yake na karatasi, akasoma sifa za wanaosifiwa, kisha shida, kisha maombi. Mgeni rasmi naye hujibu hoja moja moja. Likishasomwa pale, neno limekwisha kuwa kweli. Kisima kilichosomwa kwenye risala kina maji, hata kama watu wamekaa hapo na ndoo tupu miguuni. Nilikuwa nimeandika visima vingi.

Sasa, ng'ambo ya barabara yetu waliishi mume na mke mmoja ambao nitawaita Bwana na Bibi, kwa kuwa majina yao yamekwisha kuandikwa vya kutosha, tena mahali pa kukalia. Yao ndiyo nyumba pekee mtaani iliyokuwa na geti la chuma. Bwana alistaafu kazi ya serikali, ipi hasa hakuna aliyejua, na alikuwa na pikapu iliyokwenda Kasulu kila wiki kuchukua maharage. Bibi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Vikao vilifanyika sebuleni kwake, na wanachama walisifu sana maji yake ya kunywa, kwa sababu hawakupewa kingine cha kusifu.

Walikuwa watu wa kutoa, siwezi kukataa. Zahanati yetu haikuwa na pa kukalia, wakatoa benchi. Benchi moja, la mbao, zuri tu. Fundi aliambiwa aandike juu yake kwa rangi nyekundu majina yao yote mawili na neno "wametoa". Kwenye egemeo herufi hazikuenea kwa ukubwa uliotakiwa, kwa hiyo akaandika kwenye kikalio. Rangi ilikuwa ya bei ya chini, na kila ilipopata joto la mtu ililainika upya. Wajawazito wakawa wanatoka kliniki na jina la Bwana nyuma ya kanga, limegeuka kama la kwenye kioo. Mama yangu alikwenda kuangaliwa mguu, akarudi, akanigeuzia mgongo.

"Inasema nini hiyo?"

"Inasema wametoa."

"Wametoa nini?"

"Haijasema, mama."

Maboti ya Kongo yalipoanza kuja, Bwana na Bibi walivaa vizuri wakaenda Kibirizi kusaidia. Palikuwa na vikongwe pale ufukweni, palikuwa na wenye vichanga, palikuwa na mzee aliyebebwa juu ya ubao wa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Bwana na Bibi wakapita taratibu wakitazama, kama watu walio sokoni, wakarudi na mwanamke mmoja mwenye umri kama wangu, mzima wa viungo, aliyejua kupika, kushona na kupiga pasi. Kuanzia siku hiyo akawa "mtoto wetu". Mtoto wetu aliamka kabla ya wote. Mtoto wetu aliteka maji, alifua, alisonga ugali, na kila mgeni alipoingia sebuleni aliitwa asimame karibu na kabati la vyombo.

"Huyu tulimwokoa," Bibi alisema, na mgeni akatikisa kichwa, akaendelea kula migebuka ya ziwani ambayo yule aliyeokolewa alikuwa ameikaanga.

Mwanamke huyo alikuwa akija kwetu kuazima kinu. Mama alimpenda, kwa kuwa alikuwa mtu wa pili mtaani aliyejua kunitania sawasawa. Aliniita "yaya", na nilipouliza akasema kwao ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa.

"Lakini kaka mkubwa ya kwetu inatokaka nje," akaongeza. "Hii ya hapa iko kama mlango."

Kwenye kinu ndipo tulipojua habari zake. Walipokimbia, yeye na mama yake walifika ufukweni pamoja, ila boti lililokuwa karibu lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Akampandisha mama yake. Yeye akapanda lililofuata. La kwake lilitua Kibirizi; la mama yake lilitua mbali huko kusini, na waliokuwamo wakapelekwa kambini. Muda mrefu hakujua kama yule mama yu hai. Halafu siku moja akiwa Kibirizi kumnunulia Bibi dagaa, akakutana na jirani yao wa kule kwao, aliyepata ruhusa ya kutoka kambini kuja kufungasha samaki. Mama yake alikuwa hai, kambi moja upande wa Kasulu.

"Banasema macho yake inazimika," alituambia, mchi ukiwa umesimama mkononi. "Anakaaka kando ya barabara, anauliza kila mutu mwenye kutoka ziwani. Kama macho itaisha mbele nifike, ataniona namna gani?"

Hilo ndilo alilolitaka, na ndilo pekee: afike kwa mama yake angali anaona. Si jambo kubwa kwa nyumba yenye pikapu. Pikapu ilikwenda Kasulu kila wiki, na kwenda huwa ni tupu, kwani maharage yako Kasulu na si Rusimbi. Akaomba. Bwana akasema gari limejaa. Akaomba tena wiki iliyofuata, Bwana akasema bado limejaa. Mama yangu alitoka barazani akaitazama pikapu ikipita, ndani yake mna magunia matupu yaliyokunjwa, akasema, "Kweli, limejaa. Limejaa nafasi."

Kwenda peke yake hakuweza. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na mkimbizi aliyekutwa mjini bila karatasi alikuwa na hofu ya kurudishwa alikotoka. Hofu hiyo Bibi aliilisha kila siku. "Mwanangu, ukivuka geti hili wale askari hawakujui. Humu ndani ndimo tunamojua wema wako." Alipozidi kuomba, Bibi akampa jibu la mwisho: asubiri sherehe ipite.

Sherehe ilikuwa ya kuwaheshimu wao. Kamati ya kuwaheshimu ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni shemeji ya Bwana, na katibu, ambaye ni mpangaji wao. Mbuzi alitoka zizini kwao, turubai lilitoka stoo kwao, na wazo lenyewe, kwa jinsi ninavyowajua, halikutoka mbali. Kungekuwa na ngao ya mpingo iliyochongwa na fundi wa Ujiji, kungekuwa na pilau, na kungekuwa na mgeni rasmi: mama mmoja mkubwa wa ofisi ya mkoa aliyeshughulikia mambo ya wakimbizi. Na mgeni huyo angeonyeshwa nini, mtoto wetu akienda Kasulu? Bila yeye wangebaki na benchi.

Nikaitwa kwa ajili ya risala. Nilivuka barabara, safari ambayo kwangu ilikuwa ya kutosha kwa siku moja.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo anakaa Mzee."

Nikakaa kwenye kigoda, magoti usawa wa masikio, nikawasomea nilichokiandika: kwamba Bwana na Bibi ni watu wanaosaidia jamii.

"Kusaidia?" Bwana akasema. "Hata jirani husaidia. Tafuta neno."

"Wafadhili?"

"Hao ni Wazungu."

"Wakarimu?"

"Wakarimu ni wenye hoteli. Wewe si ulisoma?"

Nilisoma, ila shuleni hakuna aliyetuambia kwamba yupo mtu wa kusifiwa akiwa ameketi mbele yako anachagua. Mwishowe nikatoa "nguzo za huruma". Bibi akalirudia taratibu, likamkaa.

"Andika nguzo mbili," Bwana akaagiza. "Usije ukatufanya moja."

Nikaandika mbili. Kwa siku kadhaa niliitwa hivyo, na kila nilipoitwa huruma iliongezeka. Benchi likawa "samani za zahanati". Nguo kuukuu walizogawa Kibirizi zikawa "mavazi". Kikombe cha uji alichopewa Mrundi mmoja aliyewakatia majani kikawa "mpango wa lishe". Mimi naandika tu. Mtu anayekaa nyumbani kwa mama yake akiwa na ndevu hana kiburi cha kukataa neno.

Mchana wa mwisho kabla ya sherehe, Bibi aliniita kwa haraka. Mwanamke wa Kongo alikuwa hapo sebuleni akitumiminia chai ya tangawizi.

"Nimesikia jambo," Bibi akasema. "Huyu mgeni, kila anakokwenda, anauliza habari za familia zilizopotezana. Ndilo linalomgusa. Sasa weka hapo kwamba sisi tunawakutanisha wakimbizi na familia zao."

Nikashika kalamu nikaiacha juu ya karatasi. "Familia ipi, Mama?"

"Familia."

"Nitaje nani aliyekutanishwa?"

"Usitaje. Andika mbalimbali."

Mbalimbali ndilo neno linaloshikilia risala zote za nchi hii. Ukiliondoa, turubai linaanguka. Nikaandika: "Vilevile wamekuwa wakiwakutanisha wakimbizi mbalimbali na wazazi wao, na kuwafikisha kwa gari lao wenyewe."

"Hilo la gari nani amekuambia?" Bwana akauliza.

"Linapendezesha, Mzee."

Akafikiri. "Liache. Andika 'bila kujali gharama'."

Yule mwanamke alisimama na birika muda mrefu kuliko chai ilivyotaka. Niliponyanyuka kuondoka, akanifuata hadi getini kama anayekwenda kufunga.

"Yaya, ile maneno ya mwisho itasomwa mbele ya batu bote?"

"Itasomwa. Na mimi ndiye msomaji, maskini ya Mungu."

"Na miye nitasema asanti mbele yako, ao nyuma?"

Katika ratiba kulikuwa na kipengele cha "neno la shukrani kutoka kwa mkimbizi", na kilikuwa baada ya risala, kabla mgeni rasmi hajajibu. Nikamwambia hivyo.

"Nyuma yako," akasema. "Basi sawa. Usome kwa nguvu. Usimezemeze maneno kama unavyofanyaka." Akafunga geti.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa shule, asubuhi iliyojaa mawingu. Mimi nilivaa koti la mjomba, ambalo lilikuwa limenizidi hata vidole vikapotea, nikawa nasalimiana na watu kwa mikono ya koti. Bwana alikuwa na suti. Bibi alikuwa na kitenge kipya na kilemba kilichowazuia waliokaa nyuma yake wasione kitu. Mwanamke wa Kongo alikuwa na kitenge chake kizuri, nilikwisha kukiona, lakini Bibi alimvalisha kilichochakaa ili shukrani zionekane zimetoka kwa mtu mwenye dhiki. Alikuja nyuma ya wote akiwa na furushi kichwani, sufuria imefungwa kwa juu. Shemeji mwenyekiti akadhani ni vyombo vya kupakulia, akamwelekeza jikoni. Akapita jikoni, akatokea upande wa pili, akaketi kwenye jamvi na furushi lake magotini, pembeni ya mama yangu.

Nikasoma. Nilisoma kwa nguvu kama nilivyoambiwa. Nilipofika "nguzo mbili za huruma", Bwana aliinamisha kichwa kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Nilipofika "wakimbizi mbalimbali na wazazi wao, kwa gari lao wenyewe, bila kujali gharama", mgeni rasmi, ambaye mpaka hapo alikuwa akipunga nzi, aliacha kupunga. Akatoa miwani akaandika kitu.

Akaitwa wa shukrani. Alisimama na furushi lake, akakataa kipaza sauti, kwa kuwa hakikuwa kikifanya kazi tangu asubuhi na sote tulikuwa tukijifanya kinafanya.

"Namushukuru baba, namushukuru mama," akaanza, na Bibi akatoa kitambaa tayari kwa machozi. "Balinitoa Kibirizi, balinipa pa kulala. Nimekula kwao, nimefanya kazi kwao. Risala imesema wanapelekaka batu kwa wazazi yao, na gari yao. Ni kweli, mama mukubwa. Leo ni zamu yangu. Mama yangu iko kule kambini, njia ya Kasulu, na macho yake inakwisha. Baba na mama walisema nisubiri sherehe. Sherehe ni hii. Mizigo yangu ni hii. Nimekuja kuaga."

Akapiga magoti mbele ya Bwana na Bibi, akapiga makofi madogo kama wanavyofanya kwao, akainuka.

Sasa hapo msomaji wa mahali pengine anaweza kudhani Bwana angeweza kukataa. Asingeweza. Kwetu mgeni akishaaga mbele ya watu, mwenyeji husimama, huchukua mzigo wake kwa mkono wake mwenyewe, humsindikiza. Ukibaki umeketi, umetangaza kwamba ulimfunga. Akina mama walijua hilo, wakapiga vigelegele kabla Bwana hajapata nafasi ya kukohoa. Wengine walikuwa wanachama wa kikundi cha Bibi, na sijawahi kusikia wanawake walionyweshwa maji matupu wakipiga vigelegele vitamu hivyo.

Bwana akasimama. Mkono mmoja ulikuwa na ngao aliyokwisha kukabidhiwa. Wa pili ukapokea furushi.

"Naam," mgeni rasmi akasema, sura yake imebadilika kabisa. "Haya ndiyo ninayoyatafuta mkoa mzima. Gari lipo?"

"Lipo, mheshimiwa, isipokuwa leo..." Bwana akatazama mawingu. "Kuna suala la kulikagua."

Mama yangu akajibu kutoka jamvini, bila kusimama, kwa sababu ya mguu. "Mzee, si hilo linalokwenda Kasulu kesho kuchukua maharage? Lilikaguliwa jana. Tulikuona umelala chini yake."

"Basi liende leo," mgeni rasmi akasema. "Nitawapa afisa wangu akae mbele, vizuizi visiwasumbue. Na mimi nitakuwa kambini wiki hii, nitamtembelea huyo mama nimpe pole, nimsikie anavyowashukuru."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyofunga mlango. Bibi aliona. Bibi alikuwa na akili kuliko mumewe. Ndiyo maana alikuwa mwenyekiti. Akapangusa macho yaliyokuwa makavu akasema kwa sauti, "Tena mwandishi wetu aende naye, akashuhudie."

Nikasema nina kazi nyumbani. Uwanja mzima ukacheka, na sikuwa nimekusudia mzaha.

"Aende," mama akasema. "Nyumba haijahama, lakini aende."

Ndivyo nilivyofika Mwandiga, pale njia inapotoka mjini, na ndivyo nilivyopita Mwandiga, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani. Mbele walikaa dereva, afisa, na Bwana katikati yao, suti imepanda mabegani, ngao mapajani. Nyuma tulikaa mimi na yule mwanamke juu ya magunia matupu. Barabara ilikuwa ya matope mekundu yanayopanda na kushuka, na kila iliposhuka mimi niliaga dunia.

"Yaya, unaogopa?"

"Hapana."

"Umeshika gari kwa mikono mbili na meno."

Kwenye kizuizi askari alichungulia, afisa akasema maneno mawili, kamba ikashushwa. Bwana akatoa kichwa dirishani kuanza kumweleza askari kuhusu nguzo mbili, lakini dereva alikwisha kuondoa gari. Yule mwanamke hakuwa akitania tena. Alifungua furushi, akatoa kitenge chake kizuri, akakivaa juu ya kile kilichochakaa. "Kama bado anaona," akasema, "aone hii."

Tulifika jua likiwa limeshuka lakini bado lipo. Kambi ilikuwa maturubai na nyumba za udongo hadi macho yanapoishia, moshi wa jioni umetanda juu. Hatukutafuta. Tuliuliza tu habari za mama mmoja anayekaa njiani akiuliza watu wa ziwani, na kila mtu akanyoosha kidole. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, kitambaa cheupe kichwani, fimbo imelazwa miguuni. Alisikia gari, akainua uso kuelekea tulikokuwa, pembeni kidogo ya tulikokuwa.

"Munatoka ziwani?" akauliza.

Binti yake alishuka bila kungoja gari lisimame vizuri. Hakusema jina lake. Alipiga magoti akaweka mikono yake kwenye mikono ya mama yake. Yule mama akaipapasa, kiganja, vidole, kiganja tena. Akavuta kitenge karibu sana na jicho moja, akakitazama. Nilimwona anakitazama. Jicho lile lilikuwa bado linafanya kazi kidogo.

"Hii nilikununulia miye," akasema. Halafu akarudi kwenye viganja. "Mikono imekuwa ngumu hivi. Nani alikutumikishaka?"

Bwana alikuwa amekwisha shuka, anapangusa matope kwenye ngao. Binti akamtazama, akanitazama mimi, akacheka huku analia.

"Ni baba huyu, mama. Njo yeye amenileta."

Yule mama akageuza uso upande wa Bwana. "Asanti, baba," akasema. "Umechelewa."

Nikamtazama Bwana kuona atafanya nini. Alikuwa anageuka huku na huku, akitafuta kitu nyuma ya gari, upande wa gari, ndani ya gari.

"Mpiga picha yuko wapi?"

Mpiga picha alikuwa Rusimbi, anakula pilau. Bibi alimbakisha ampige picha yeye na mgeni rasmi. Bwana alielewa polepole, kama mtu anayesikia maji yameingia botini. Maishani mwake alikuwa ametoa benchi, ametoa nguo, ametoa uji, na vyote vilikuwa na picha ukutani sebuleni. Siku aliyofanya jambo la kweli hakukuwa na kamera, na yeye alikuwa na matope hadi magotini na hata hakuwa amelitaka.

Akawaendea wale wawili, akakohoa. Nilidhani, Mungu anisamehe, atawaomba warudie. Lakini alisimama tu, mikono ikining'inia. Yule mama alikuwa bado anapapasa viganja vya binti yake, haviachi, na Bwana akaangalia viganja vile, akaangalia pembeni.

Tulirudi kupitia Kasulu mjini, maana Bwana hakuwa mtu wa kupoteza safari. Nililala juu ya maharage. Kizuizini akanigeukia kupitia kile kidirisha cha nyuma.

"Umeona yote?"

"Nimeona, Mzee."

"Basi wewe ndiye utakayeandika. Andika yote, kama ilivyokuwa. Na jina usikosee."

Miaka mingi baadaye walikuwa bado wanaisimulia sebuleni, na ile familia moja ikawa familia mbalimbali. Yule mwanamke hakuwahi kuwatumia salamu. Kwetu alituma, kwa mkono wa wafanyabiashara wa dagaa: kwa mama yangu kitambaa cha kichwa alichokishona mwenyewe, kwangu maneno tu, kwamba mama yake aliendelea kuona kidogo kidogo hadi msimu wa pili wa mahindi, na kwamba ananisalimu mimi mlango. Bwana naye sasa amelala makaburi ya Rusimbi, na benchi lipo zahanati, rangi imekauka hatimaye.

Nimeandika, Mzee. Yote, kama ilivyokuwa. Jina tu ndilo sikuliweka, nisije nikalikosea.